Nani Mwenyeji wa Unyanyembe?



Siku hizi watu wengi wa Tabora wamerudia kuulizia habari za kale. Vijana wanawaendea wazee kuuliza majina ya watemi. Koo zinaandika nasaba zao, na familia zinapokutana wakati wa likizo hutenga saa ya kusimuliana zilikotoka. Machifu, ambao madaraka yao yaliondolewa na serikali mwaka 1963, wanaonekana tena katika sherehe za mila, na mwezi Septemba 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alipewa jina la Chifu Hangaya. Hata njia ya zamani ya misafara imekumbukwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Jambo hili tunalifurahia. Kanisa halijawahi kuona kwamba mtu anakuwa Mkristo bora kwa kusahau babu zake. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, alianzisha makumbusho ya Wasukuma katika parokia ya Bujora miaka mingi kabla watu wengi hawajaona faida ya kazi hiyo. Hata hivyo, wajibu wa Tume ya Haki na Amani ni kuuliza swali ambalo wengine huenda wakaliacha: habari hizi za kale zinamjenga nani, na zinamwacha nani nje ya nyumba?

Tunauliza hivyo kwa sababu udadisi wa historia haukai ndani ya daftari. Mtu akishaambiwa alikotoka, hujiona kuwa nani, na papo hapo humpangia jirani yake mahali. Katika mikutano yetu ya mila hakuna methali inayorudiwa zaidi ya ile isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ni methali nzuri pale inapomwonya kijana anayewadharau wazazi wake. Lakini tuisikilize kwa masikio ya mtu ambaye bibi yake mzaa babu alifika Tabora amefungwa kamba shingoni. Bibi yule hakuacha mila. Alinyang'anywa mila, pamoja na jina, lugha na kaburi la mama yake. Katika mji uliojengwa na watu wa namna hiyo, methali hii inahitaji kutamkwa kwa uangalifu mkubwa.

Jina lililozaliwa njiani

Tuanze na jina lenyewe la Wanyamwezi, ambalo wengi tunalichukua kana kwamba lilishuka pamoja na mvua ya kwanza. Kabla ya karne ya 19 watu wa nchi hii walijitambulisha kwa utemi wao: Wanyanyembe, Wagalaganza, Wakonongo, Wasumbwa na wengineo. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni watu wa pwani waliowaita wageni hao kutoka magharibi, upande unakoonekana mwezi mwandamo, kwa jina moja la Wanyamwezi. Mtu alitoka kwao akiwa Mgalaganza, akafika Bagamoyo akiitwa Mnyamwezi, na mwishowe akarudi nyumbani na jina hilo pamoja na kaniki na shanga alizochuma. Vivyo hivyo, Wasukuma ni watu wa kaskazini, na Wadakama ni watu wa kusini. Hayo ni maneno ya pande za dunia, yanayobadilika kulingana na mahali aliposimama anayeyatamka.

Baadaye, katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza chini ya Gavana Donald Cameron ilitaka kutawala kwa kupitia machifu, na kwa ajili hiyo kila mtu alipaswa awe na kabila, na kila kabila liwe na mpaka na mkubwa wake. Yaliyokuwa majina ya safari na ya pande za dunia yakaandikwa katika daftari za boma, yakakauka kama udongo wa tembe. Hatusemi kwamba kabila ni uongo. Lugha yetu, ngoma zetu na heshima yetu kwa wakubwa ni mali halisi. Tunasema tu kwamba kabila letu lilifinyangwa njiani, kwa mikono mingi, na kwamba asemaye "sisi ni Wanyamwezi" anataja kazi ya mchanganyiko, hata kama hajui.

Mpagazi na mateka

Njia ile, yenye urefu wa kilomita 1,200 hivi toka Bagamoyo hadi Ujiji, husimuliwa kwa namna mbili. Wengine huisimulia kama mstari mmoja wa minyororo, kana kwamba kila aliyebeba pembe ya ndovu alikuwa mtumwa. Wengine, hasa sisi wenyewe, huisimulia kama fahari ya mpagazi wa Kinyamwezi, mtu huru, mwenye nguvu, aliyebeba frasila mbili begani kwa miezi mingi, aliyejua kudai posho na ujira wake, na aliyekuwa tayari kuweka mzigo chini pale alipodhulumiwa. Utafiti wa wanahistoria umethibitisha kwamba picha hii ya pili ina ukweli mkubwa, kwani wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo.

Lakini tuulize: mpagazi alipokuwa njiani, ni nani aliyelima shamba lake? Walilima wanawake waliobaki nyumbani, na pamoja nao walilima watumwa, ambao wengi wao waliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mara nyingi faida ya pembe za ndovu ilinunulia watu. Kwa hiyo njia ileile moja ilimpa mmoja fahari na kumpa mwenzake kamba, na pengine wote wawili walilala katika ua mmoja. Msimulizi anayetaja fahari akanyamaza juu ya kamba ametoa ushuhuda nusu. Anayetaja kamba tu, akamtwika Mwarabu peke yake dhambi yote, naye ametoa ushuhuda nusu.

Tuwatazame watemi wetu kwa macho hayohayo. Mirambo wa Urambo, aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na kufariki mwaka 1884, aliunganisha nchi kubwa kwa akili na kwa silaha. Isike wa Unyanyembe alipozingirwa na Wajerumani mwezi Januari 1893 aliilipua baruti yake badala ya kutekwa. Ni haki shule na mitaa iitwe kwa majina ya watu kama hao. Lakini vita vya zamani zile vilizaa mateka, na mateka waliuzwa. Kumheshimu shujaa hakututaki tufute habari za wale waliouzwa kutokana na vita vyake.

Pale Kwihara, makumbusho yamebeba jina la David Livingstone, aliyekaa hapo miezi michache ya mwaka 1872. Hatuna kinyongo na jina hilo. Tunakumbusha tu kwamba mwaka uliofuata, mwili wake ulipitishwa Kwihara ukielekea pwani, na kwamba miongoni mwa viongozi wa waliousindikiza hadi Bagamoyo alikuwamo Chuma, mtu aliyeokolewa utotoni mwake kutoka katika msafara wa watumwa. Mzungu alikumbukwa kwa jengo. Mamia ya wengine waliolala katika vumbi la uwanja ule hawana hata kibao.

Waliokuwa hawana ukoo

Watumwa hao walikwenda wapi? Hawakwenda popote. Sheria ya Kijerumani iliwahesabu kuwa huru watoto wote waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Huo si wakati wa mbali. Ni wakati wa bibi na babu za wazee walio hai leo. Waliowekwa huru walibaki palepale. Baadhi walichukua jina la ukoo wa waliokuwa mabwana zao. Wengine walijiita Wamanyema au Waswahili, wakajenga mitaa ya Tabora na Ujiji. Wengi walioa na kuolewa, wakalima, wakazika, wakawa Wanyamwezi kwa lugha na kwa jasho. Ni nani kati yetu awezaye kuapa kwamba hana damu yao?

Lakini neno halijafa. Katika kigango kimoja, ambacho hatutakitaja, mzee aliyelitumikia Kanisa miaka mingi alikataliwa katika uchaguzi wa halmashauri kwa sababu ya maneno machache yaliyonong'onwa usiku wa kuamkia kura: "Huyo bibi yake alinunuliwa." Hakuna aliyeyasema maneno hayo hadharani, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuyajibu. Tumesikia pia posa zilizovunjika kwa sababu ya namna hiyo. Na lugha hiyohiyo huwageukia majirani wengine: mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Kaliua au Sikonge, Muha aliyekuja kulima tumbaku, na wale ndugu wa Ulyankulu ambao wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa sheria ni Watanzania kama sisi. Kwa ulimi wa jirani bado ni "wa kuja". Panapotokea ugomvi wa shamba au wa malisho, habari za kale hutolewa kabatini kama hati miliki: "Babu yetu ndiye aliyefyeka pori hili." Je, aliyemfyekea babu huyo pori alikuwa nani?

Historia ikigeuzwa kuwa silaha

Kuna watakaosema kwamba tunakuza mambo madogo. Tuwaombe watazame majirani zetu.

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikaa hapahapa Kaze, ndiyo Tabora, akingojea wapagazi wa kumpeleka kaskazini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 aliandika dhana yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa uzao wa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi. Ilikuwa dhana ya mpita njia. Lakini wakoloni waliishika, shule ziliifundisha, zikiwamo shule za Kanisa, na wanasiasa wakairithi. Mwaka 1994 huko Rwanda Watutsi waliambiwa kwamba wao ni wageni na warudi kwao Uhabeshi kwa njia ya mto. Mamia ya maelfu waliuawa katika muda wa siku 100, na miili iliyotupwa mitoni iliteremka na mto Kagera hadi katika ziwa letu. Hayo yalitendeka katika nchi yenye Wakristo wengi, wakati maaskofu wa Afrika wakiwa Roma katika Sinodi iliyotuletea fundisho la Kanisa kama Familia ya Mungu. Mwezi Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wanakanisa katika mauaji yale.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1985 na 1986 mtaalamu mmoja, Liisa Malkki, aliishi miongoni mwa wakimbizi Wahutu wa Burundi waliokuwa Mishamo na wale waliokuwa Kigoma mjini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aliona kwamba makambini watu walisimuliana historia yao bila kuchoka, na kwamba masimulizi hayo yaliwapa heshima na umoja, lakini pia yaliwafanya wajione taifa moja safi lililonyang'anywa nchi, na adui wao wote wakawa na sura moja. Wale wa mjini, waliotoka katika maafa yaleyale, waliishi wamechanganyika na wenyeji, wakawa na majina na mahusiano mengi, na mgawanyo ule haukuwatawala kwa nguvu hiyo. Hatuwalaumu wa Mishamo. Walikuwa wamechinjiwa ndugu, na kukumbuka ilikuwa haki yao. Tunajifunza tu kwamba mahali penye msimulizi wa aina moja na msikilizaji wa aina moja, historia hukaza kama kitanzi.

Je, basi, tunyamaze? Taifa letu lilichagua kwa sehemu njia hiyo. Tangu sensa ya mwaka 1967 hatujaulizana tena makabila katika hesabu ya watu, na uamuzi huo umetuepusha na mengi. Lakini kutokuulizana katika sensa hakukuondoa kunong'onezana katika kigango. Palipo na ukimya, mnyonge hana mahali pa kusema ukweli wake, na mwenye kiburi hana wa kumsahihisha. Dawa ya historia nusu ni historia kamili.

Nasaba ya Bwana wetu

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha namna ya kukumbuka. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 26, Mwisraeli aletaye malimbuko ya shamba lake haambiwi atangaze kwamba babu zake ndio waliofyeka nchi. Anaagizwa akiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba watu wake waliteswa utumwani, na kwamba Mungu ndiye aliyewatoa. Ndipo anapoagizwa kufurahi pamoja na mgeni aliye kwake. Watu wa Mungu hawakuuona utumwa wa babu zao kuwa aibu ya kufichwa; waliufanya kuwa sababu ya kutomdhulumu mgeni. Naye Mathayo, anapoandika nasaba ya Bwana wetu, anawaweka ndani yake Tamari, na Rahabu wa Yeriko, na Ruthu Mmoabu. Mwinjili angeweza kuwaruka. Hakuwaruka.

Kanisa la huku magharibi nalo lina nasaba ya namna hiyo. Wamisionari wa Afrika wa kwanza walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia ileile ya misafara, na katika miaka ya 1880 huko Kipalapala waliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Walikuwa miongoni mwa Wakristo wetu wa kwanza, na hawakuwa na ukoo wa kujivunia. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mganga na katekista Adriano Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alifika mwaka 1889 na kuwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko, akazikwa huko. Ni nani atakayethubutu kumwita "wa kuja"?

Tena njia ile haikutuachia majeraha tu. Ilitueneza Kiswahili, ambacho leo tunasalia. Ilitupatia pia utani: Mnyamwezi na Mzaramo, Mnyamwezi na Mzigua. Wengi wanauhusisha utani huo na misafara, wakati mtu aliye mbali na kwao alipohitaji wa kumpa maji, wa kumtania katika uchovu, na wa kumzika akifa. Babu zetu walijua kwamba jirani hutengenezwa kwa wajibu, hata pasipokuwa na damu.

Tunapendekeza nini

Kwanza, parokia na koo zinazokusanya habari za kale zisiishie kwa wazee wa koo za kitemi. Waulizwe wanawake, waulizwe Wamanyema na Waswahili wa mjini, waulizwe wafugaji, waulizwe watu wa Ulyankulu. Mwenye habari fupi apewe muda uleule wa mwenye habari ndefu.

Pili, asilazimishwe mtu yeyote kufichua asili ya watu wake. Kusimulia ni haki yake, na kunyamaza ni haki yake. Tunachotaka kikome ni mwingine kumsimulia kwa kumnong'ona.

Tatu, katika uchaguzi wa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wa halmashauri, katika mashauri ya ndoa na katika usuluhishi wa ardhi, nasaba isiwe kigezo cha cheo wala cha haki. Mwenyekiti anayesikia maneno ya namna hiyo ayakemee palepale, mbele ya watu, hata kama msemaji ni mfadhili wa kigango.

Nne, tarehe 2 Novemba, tunapowaombea Marehemu Wote, kila kigango kilicho kando ya njia ya zamani kitaje katika maombi ya waamini wale waliokufa njiani na wale waliouzwa, ambao majina yao yanajulikana na Mungu peke yake. Nao ni marehemu wetu, maana sisi ndio tuliobaki mahali walipoangukia.

Maswali kwa Jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni habari za watu gani husimuliwa mara kwa mara, na ni za watu gani hazijawahi kusimuliwa?

2. Je, kuna mtu katika Jumuiya yetu aliyenyimwa nafasi, mchumba au shamba kwa sababu ya asili yake? Tutamtendea nini?

3. Tukiandika nasaba ya kijiji chetu kama Mathayo alivyoandika ya Bwana wetu, ni majina ya nani tungeshawishika kuyaruka?